Kuchua na Kukanda Mwili: Faida Zake, Namna Zake na Mipaka Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kuchua na kukanda mwili. Kazi hii si ngeni kwa mtu awaye yote. Mtu akijigonga mguu, kabla hajasema neno mkono wake umekwisha kufika mahali panapouma. Mtoto akilia usiku kwa tumbo, mama humpapasa. Mzee akirudi shambani na kiuno kimemkaza, humwita mjukuu wake amkande. Hata hivyo wengi wetu hatujauliza kazi hii yafaa kwa nini, na haifai wapi.

Katika Kiswahili tunayo maneno kadha wa kadha ya kazi hii. Kuchua ni kusugua kwa nguvu mahali palipoumia, mara nyingi kwa mafuta au dawa. Kukanda ni kufinya na kubonyeza nyama kama mtu akandavyo unga. Na tena twasema kukanda tunapotumia kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Kusinga ni kupaka mafuta au manukato mwilini na kuyasugua taratibu.

Jambo tunalotaka mlishike leo ni hili: kazi hii ina faida ya kweli, walakini ina mipaka. Mkono ule ule uwezao kumpunguzia mkulima maumivu ya mgongo waweza kumtia kilema mtoto aliyevunjika mfupa, au kumwua mama aliyetoka kujifungua. Basi tutaeleza kwanza jinsi mkono ufanyavyo kazi yake, kisha namna mbalimbali za kukanda katika nchi za dunia, na mwisho tutataja mahali ambapo mkono hauna budi kusimama.

Chini ya ngozi zetu kuna nyama ziitwazo misuli, ambazo hujikaza na kulegea ili mifupa ipate kwenda. Kati ya misuli hiyo hupita mishipa ya damu, na mishipa ya fahamu ichukuayo habari mpaka kwenye ubongo. Mtu akiinama kutwa nzima kwa jembe, au akichukua mizigo mizito, misuli huchoka, na mingine hubaki imekaza hata wakati wa kupumzika. Mkono ukiisugua kwa taratibu, ngozi hupata joto, misuli hulegea, na mwenye maumivu hupata nafuu.

Lakini kwa nini maumivu yapungue kwa kuguswa tu? Katika mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa maelezo ambayo yamewafaa sana waganga tangu siku hizo. Walisema kwamba habari za maumivu, kabla ya kufika kwenye ubongo, hupita katika uti wa mgongo mahali palipo kama mlango. Habari za kuguswa nazo hufika hapo hapo. Zikiwa nyingi, mlango huo huzibana habari za maumivu, nazo hupita chache. Hiyo ndiyo sababu mtoto aliyejigonga goti hunyamaza mama yake anapolisugua. Si kwamba amedanganywa. Maumivu yenyewe yamepungua.

Hapa yafaa tusahihishe jambo moja. Watu wengi husema kwamba kukanda hutoa sumu mwilini, au huondoa damu mbaya. Maneno haya si kweli. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, nazo huifanya usiku na mchana bila kukandwa na mtu. Na ile asidi ambayo misuli huitengeneza tunapofanya kazi ya nguvu huondoka yenyewe kwa muda wa saa moja hivi. Basi mtu akikuambia kuwa atakutoa sumu kwa mikono yake, jua kwamba anasema asilolijua.

Sasa tuziangalie namna mbalimbali za kazi hii. Namna ijulikanayo zaidi Ulaya na Marekani huitwa ya Kiswidi. Katika Uswidi aliishi mtu mmoja, jina lake Per Henrik Ling, ambaye katika mwaka 1813 alifungua chuo cha mazoezi ya mwili katika mji wa Stockholm. Chuo chake kilifundisha mazoezi ya viungo kuwa dawa, na kukanda kulikuwamo. Baadaye Johan Georg Mezger, tabibu wa mji wa Amsterdam, alizifanya njia za kukanda kuwa elimu yenye utaratibu, na majina yake mpaka leo ni ya Kifaransa. Njia hizo ni 5. Ya kwanza ni kupitisha kiganja kwa mpapaso mrefu, laini, kuelekea upande wa moyo. Ya pili ni kuzishika nyama na kuzifinya kama unga. Ya tatu ni kusugua kwa ncha za vidole mahali padogo palipokaza. Ya nne ni kupigapiga kwa pande za mikono. Ya tano ni kutetemesha. Mwenye kukandwa hulala, naye hupakwa mafuta ili ngozi isichubuke.

Namna ya Kijapani ni nyingine. Huko, kwa karne nyingi, kazi ya kukanda ilikuwa mikononi mwa vipofu zaidi, nao walijipatia riziki na heshima kwayo. Katika karne ya 20 ilitokea namna mpya iitwayo shiatsu, na Tokujiro Namikoshi alifungua chuo chake katika mji wa Tokyo mwaka 1940. Maana ya neno hilo ni kugandamiza kwa vidole. Hapana mafuta, wala mtu havui nguo zake. Mkandaji hugandamiza mahali hapa na hapa kwa dole gumba na kwa kiganja. Wako wasemao kwamba hivyo hufungua njia za nguvu zilizomo mwilini. Hakuna chombo cha daktari kilichopata kuziona njia hizo. Walakini nafuu ya misuli iliyokaza yaweza kupatikana, ziwepo njia hizo au zisiwepo.

Katika nchi ya Siamu, ambayo sasa huitwa Thailandi, mkandaji hutumia vidole, viwiko, magoti na hata nyayo zake, tena humvuta na kumkunja mtu viungo kama anayefanya mazoezi. Katika hekalu la Wat Pho, mjini Bangkok, elimu hii iliandikwa na kuchorwa juu ya mawe katika enzi ya Mfalme Rama wa 3, aliyetawala tangu 1824 hata 1851, ili kila mtu apate kujifunza. Katika mwaka 2019 UNESCO iliitia elimu hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Na katika Bara Hindi, waganga wa elimu ya kale ya Ayurveda husinga mwili mzima kwa mafuta ya moto kidogo, hasa mafuta ya ufuta, na akina mama wa huko husinga watoto wao wachanga.

Wala pwani yetu haikukosa desturi zake. Katika mji wa Unguja kuna mtaa uitwao Hamamni, na jina hilo latokana na hamamu iliyojengwa katika enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Watu walikwenda huko kuoga kwa maji ya moto na ya baridi na kuburudisha miili yao. Siku hizi hapaogwi tena. Wageni huenda kulitazama jengo tu. Desturi ya kumsinga bibi arusi, walakini, haijafa. Husugliwa kwa liwa na singo mpaka ngozi iwe laini na yenye harufu nzuri. Hiyo ni kazi ya uzuri na furaha, wala haidai kuponya ugonjwa, na kwa hiyo hatuna la kuilaumu.

Yafaa pia mjue jinsi kazi hii ilivyopata heshima katika Uingereza, maana humo mna mafundisho. Mwishoni mwa karne ya 19 kazi ya kukanda ilikuwa na sifa mbaya mjini London, kwa kuwa watu waovu waliitumia jina lake kuficha ufisadi. Katika mwaka 1894 wanawake 4 waliokuwa wauguzi na wakunga, mmoja wao Rosalind Paget, walianzisha chama cha wakandaji waliofundishwa. Walifanya mitihani, wakaweka sheria. Sheria moja ilisema kwamba mwanachama asimkande mgonjwa ila kwa maagizo ya daktari. Katika mwaka 1920 chama hicho kilipewa hati ya kifalme. Baada ya vita ya 1914 mpaka 1918, askari waliopofuka vitani nao walikuwa wamefundishwa kazi hii, na wengi waliifanya kwa sifa njema. Tangu 1944 chama hicho huitwa kwa jina la fiziotherapia, yaani uganga wa viungo. Wataalamu wa elimu hiyo sasa wamo katika hospitali kubwa za Afrika ya Mashariki. Basi mwaona kwamba mkono ulipata kuaminiwa kwa kufundishwa, kutahiniwa, na kukubali kuwekewa mpaka.

Je, faida zilizohakikishwa ni zipi? Kukanda hupunguza maumivu ya misuli baada ya kazi nzito. Hupunguza maumivu ya mgongo, walakini kwa muda mfupi. Mtu asiyebadili jinsi anavyoinama na kuinua mizigo, maumivu yatamrudia. Humtuliza mwenye wasiwasi, na wengine hupata usingizi. Hata watoto waliozaliwa kabla ya wakati wameonekana kufaidika. Katika mwaka 1986, huko Miami katika Marekani, Tiffany Field na wenzake walitangaza habari za watoto 40 wa namna hiyo. Nusu yao walipapaswa taratibu na kunyoshwa viungo mara 3 kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa muda wa siku 10. Kwa kila siku, uzito wao uliongezeka kupita ule wa wenzao kwa sehemu 47 katika 100. Watoto hao walikuwa wachache, tena walikuwa hospitalini chini ya macho ya waganga; hata hivyo habari hii yatuonyesha kwamba kuguswa kwa upole si jambo dogo kwa kiumbe mchanga.

Sasa twaja kwenye mipaka, na hapa twawaomba mtege masikio.

Mpaka wa kwanza ni mfupa uliovunjika na kiungo kilichoteguka. Tuseme mtoto ameanguka kutoka juu ya mwembe, na mkono umemvimba penye kiwiko. Jirani asema, "Mleteni, nitamchua." Huyo jirani ana huruma, lakini hawezi kuona mfupa chini ya uvimbe. Akisugua na kuvuta, ncha za mfupa zaweza kukata mshipa wa damu au wa fahamu. Tena nyama za kiwiko kilichoumia, zikichuliwa, zaweza kugeuka ngumu kama mfupa, na mkono usikunjike tena maisha. Na akifunga magango kwa nguvu mno, damu haipiti, nyama huoza, na daktari hulazimika kuukata mkono ule. Ubaya wake hauwezi kurudishwa. Basi mfungeni mtoto mkono wake kama ulivyo, usitikisike, kisha mpelekeni hospitali. Vidole vikiwa baridi, au vikibadilika rangi, au vikifa ganzi, msingoje asubuhi.

Mpaka wa pili ni mguu mmoja uliovimba na kuuma katika shavu lake, hasa kwa mama aliyejifungua juzi juzi, au kwa mtu aliyelala kitandani siku nyingi. Yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiuchua mguu huo, donge lile laweza kung'oka, likasafiri na damu mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa kwa ghafula. Uvimbe wa namna hii haukandwi. Hupelekwa kwa daktari siku ile ile.

Mpaka wa tatu ni tumbo la mwenye mimba. Wako wakandaji wanaobonyeza tumbo kwa nguvu ili kumgeuza mtoto. Kondo la nyuma laweza kubanduka, mama akatokwa na damu nyingi, naye na mtoto wakawa katika hatari. Kumgeuza mtoto tumboni ni kazi ya daktari, ifanywayo hospitalini, mahali ambapo mama aweza kupasuliwa mara moja ikihitajika. Na baada ya kuzaa, desturi ya kumkanda mzazi kwa kitambaa cha maji ya moto imeenea sana. Joto la kiasi huburudisha. Lakini maji yachomayo huunguza ngozi, wala hakuna haja ya kulifinya tumbo ili kutoa damu, maana tumbo la uzazi hujikaza lenyewe. Damu ikitoka nyingi, mzazi apelekwe hospitali upesi. Huko muuguzi aweza kulisugua tumbo la uzazi ili likaze, lakini hufanya hivyo kwa elimu, pamoja na dawa.

Mpaka wa nne ni shingo. Vinyozi wengine, wakimaliza kazi yao, hukishika kichwa cha mtu na kukizungusha kwa ghafula mpaka shingo ialike. Katika shingo hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, nayo mara nyingine huchanika kwa mzunguko wa namna hiyo, na mtu akapooza. Mwambie kinyozi kwa adabu kwamba hutaki.

Mpaka wa tano ni mtoto mchanga. Kumsinga kwa mafuta laini si vibaya. Lakini usimbonyeze utosi wala usijaribu kukifinyanga kichwa chake. Usimning'inize kwa mikono wala kwa miguu. Na usimtie mafuta puani wala masikioni.

Mpaka wa sita ni mgonjwa wa kitandani. Zamani wauguzi walifundishwa kusugua mahali penye wekundu mgongoni na matakoni mwa mgonjwa ili asipate vidonda. Siku hizi wanakatazwa, maana imejulikana kwamba nyama za mahali hapo zimekwisha kudhoofika, na kusugua huziharibu zaidi. Lililo bora ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, mchana na usiku, na kumweka mkavu na safi.

Na mwisho, usikande jipu, kidonda, uvimbe usiojua asili yake, kiungo chenye moto na wekundu, wala mtu mwenye homa. Wazee wamesema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Na mara nyingine kukanda ni namna ya kuyaficha maradhi. Mtu hukandwa mgongo miezi 6, kumbe ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kina dawa kama kingejulikana mapema. Maumivu yasiyoondoka kwa majuma machache, au yamwamshayo mtu usiku, au yafuatanayo na kukonda, ganzi au udhaifu wa miguu, yapelekwe kwa daktari.

Baada ya kuyajua hayo, mtu aweza kumkanda ndugu yake bila hofu. Kata kucha, vua pete, nawa mikono kwa sabuni. Mlaze kwenye mkeka mahali pasipo upepo. Chukua mafuta ya nazi au ya ufuta, uyapashe moto kidogo viganjani. Na kama ni mafuta asiyoyazoea, mpake kwanza kidogo mkononi uone kama hayamwashi. Anza kwa mpapaso mwepesi, kisha ongeza nguvu polepole. Sugua kuelekea upande wa moyo. Kanda nyama zilizo pande mbili za uti wa mgongo, wala usiugandamize uti wenyewe. Muulize mara kwa mara, "Waumia?" Akisema yaumiza, punguza au acha, wale wasemao kwamba dawa ni mpaka mtu alie, wanakosea. Dakika 15 au 20 zatosha.

Tena mwili wa mtu ni heshima yake. Usimkande mtu asiyetaka, wala usiguse mahali asipokuruhusu. Na wewe unayekwenda kukandwa una haki ya kumchagua mtu wa kukukanda, ya kuwa na mwenzako chumbani, na ya kuondoka wakati wowote. Mkandaji mwema haoni haya kuambiwa hivyo.

Basi, ndugu zetu, hatukuja kuwakataza kazi hii, maana mikono mingi ya wazee wetu ina ustadi ambao yafaa vijana waurithi. Twataka tu kwamba kila mwenye mikono hiyo aulize kwanza: Je, huyu amechoka, au ameumia, au ni mgonjwa? Aliyechoka, mkande. Aliyeumia, usimchue kabla hujajua ameumia nini. Aliye mgonjwa, msindikize kwa daktari. Nanyi wanafunzi, wasomeeni maneno haya nyumbani wale wasiojua kusoma, na hasa wale ambao jirani zao huwaita usiku mtu akianguka.